Kupima hali ya iodini kwa watu wazima wa mkoa mzima: hatua kwa hatua

Mtu akikuambia mkoa fulani "hauna madini joto ya kutosha", yaani iodini, muulize amejuaje. Mara nyingi utasikia moja kati ya majibu matatu: ameona watu wenye rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni), amesoma matokeo ya watoto wa shule, au amepima chumvi. Yote yana maana yake, ila hakuna linalosema watu wazima wanapata iodini kiasi gani hivi sasa. Rovu la mtu wa miaka 50 huenda lilianza utotoni, na huenda lisiondoke hata akipata iodini ya kutosha maisha yake yote yaliyobaki. Mtoto wa shule ana mlo wake na mkojo wake, tofauti na wa mama yake. Chumvi nayo ni chanzo kimoja tu.

Kinachojibu swali ni mkojo. Zaidi ya asilimia 90 ya iodini inayoingia mwilini kwa chakula hutoka kwa njia hiyo ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo mkojo wa leo unasimulia jana na leo, basi. Ukishalielewa hilo, nusu ya maamuzi yanayofuata hapa chini yatakuwa yamejieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kununua vikopo

Amua ni watu gani hasa. "Watu wazima" ni neno pana mno. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 ndio kundi linalopewa kipaumbele, kwa sababu upungufu wao unamgusa mtoto kabla hawajajua kama wana mimba. Wanaume na wazee husahaulika, ingawa chumvi ikizidishwa iodini, wazee ndio huumia wa kwanza. Wajawazito wahesabiwe peke yao: wao na wanaonyonyesha wanahitaji mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine anahitaji 150, na mipaka ya kusomea majibu yao ni tofauti. Ukiwachanganya na wengine, namba utakayopata haitamhusu yeyote.

Amua pia mapema utafanya nini na watu wanaotumia dawa zenye iodini nyingi. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200, dawa ya mapigo ya moyo, kina takriban miligramu 75 za iodini. Hayo ni mahitaji ya siku 500 katika kidonge kimoja. Dawa zinazochomwa kabla ya baadhi ya picha za hospitali nazo hujaza mwili iodini kwa wiki nyingi. Ushauri wangu: chukua sampuli zao, weka alama kwenye dodoso, kisha fanya hesabu wakiwemo na wasipokuwemo. Uamuzi wa kuwatoa ukifanyika baada ya majibu kuonekana, hakuna atakayeuamini, na ana haki.

Hatua ya 2: Idadi ya watu na namna ya kuwapata

Kwa sampuli moja moja za mkojo, watu wapatao 125 wanatosha kukadiria kiwango cha kundi kwa kosa lisilozidi asilimia 10 juu au chini. Ukitaka kosa la asilimia 5, unahitaji watu wapatao 500. Hesabu hizo zinachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka mkoa mzima, jambo ambalo ni nadra. Kwa kawaida unachagua kwanza maeneo madogo, halafu kaya ndani yake, na watu wa eneo moja hufanana kwa maji, chumvi na mlo. Kufanana huko kunapunguza uzito wa kila sampuli, kwa hiyo idadi lazima ipande.

Chukua mfano. Unaanza na 125, unazidisha kwa 1.5 kufidia kufanana, unapata 188. Ukitegemea mtu mmoja kati ya kumi akatae au asipatikane, unahitaji kama 210. Ukigawa kwenye maeneo 30, ni watu 7 kila eneo. Mzigo huo unabebeka. Lakini ni kwa kila kundi unalotaka kulisemea: ukitaka kulinganisha wanawake na wanaume, ni mara mbili, ukitaka pia nyanda za juu na za chini, ni mara nne. Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika, na ni afadhali ivunjike kwenye karatasi kuliko katikati ya kazi.

Maeneo yachaguliwe kwa kadiri ya idadi ya watu, ili eneo lenye watu wengi liwe na nafasi kubwa zaidi. Ndani ya eneo, orodhesha kaya zote kisha piga kura. Ndani ya kaya, chagua mtu mzima mmoja kwa kura. Wawili wanaokula chungu kimoja hawaongezi mengi. Usimchukue tu aliyekutwa nyumbani saa nne asubuhi, maana wenye kazi za mchana watatoweka kwenye utafiti wako. Aliyechaguliwa akikosekana, mdadisi arudi.

Hatua ya 3: Saa na majira

Iodini kwenye mkojo hupanda na kushuka ndani ya siku. Asubuhi kabla ya kula huwa chini, na hupanda saa nne au tano baada ya mlo mkuu. Ikiwa maeneo ya milimani yanafikiwa alfajiri na ya bondeni mchana, utapata "tofauti ya milima na mabonde" ambayo kwa kweli ni tofauti ya saa. Tawanya saa za ukusanyaji kwenye kila eneo, na andika saa ya kila sampuli pamoja na saa mtu alipokula mara ya mwisho.

Majira nayo yana neno. Kwenye joto kali watu hutoka jasho, mkojo unakuwa mzito, na kila kilichomo kinaonekana kingi. Maziwa, pale yanapokuwa chanzo kikubwa cha iodini, hubadilika kulingana na malisho ya ng'ombe. Kama huna uwezo wa kupima majira mawili, angalau maliza mkoa wote ndani ya majira mamoja.

Hatua ya 4: Kikopo, mkono na punje ya chumvi

Kosa la maabara linaweza kurekebishwa kwa kupima upya. Sampuli iliyochafuka kwenye mlango wa mtu haina dawa, na iodini inachafua kwa urahisi wa ajabu. Tazama hesabu hii: chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo ina mikrogramu 0.03 katika kila miligramu moja. Mililita 2 za mkojo wenye mikrogramu 80 kwa lita zina mikrogramu 0.16 tu. Punje moja ya chumvi yenye uzito wa miligramu 1 ikidondokea kwenye kichupa hicho, jibu linaruka kutoka 80 hadi 95. Punje mbili, na sampuli iliyokuwa chini ya mpaka wa 100 imekuwa juu yake.

Kwa hiyo anayepokea mkojo asiguse chumvi. Kama ni mtu mmoja anayefanya yote mawili, aanze na mkojo, afunge vichupa, aviweke kwenye kisanduku, ndipo aombe chumvi. Mikoba iwe miwili, wala isichangie hata kalamu.

Dawa ya iodini ya kusafishia vidonda isiingie kwenye gari la utafiti. Kama mnatoa damu pia, safisheni ngozi kwa spiriti, na mkojo uchukuliwe kwanza. Mshiriki mwenye kidonda kilichopakwa iodini aandikwe kwenye dodoso, kwa sababu ngozi hunyonya.

Jambo lisilojulikana sana: vijiti vingi vya kupimia mkojo, vile vya kuchovya ili kuona sukari na protini, vina chumvi ya iodini ndani ya kile kipande kinachopima sukari. Ukivichovya kwenye kikopo kisha ukamimina mkojo ule ule kwenye kichupa cha iodini, umejipa majibu ya juu kwa mkono wako. Mimina kwanza, chovya baadaye, tena kwenye mabaki.

Vikopo na vichupa vyenyewe vipimwe kabla ya kwenda. Chukua vichache kutoka kila boksi, tia maji safi ya maabara, acha usiku kucha, pima. Boksi lenye iodini likataliwe lote.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Mshiriki ananawa mikono, anakojoa kwenye kikopo safi, anafunika mwenyewe. Mdadisi anatikisa kidogo na kumimina kwenye vichupa viwili vyenye vifuniko vya kuzungusha: kimoja cha kupimwa, kingine cha akiba. Namba ibandikwe kwenye mwili wa kichupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kaza. Iodini haiozi, wala mkojo hauhitaji dawa ya kuuhifadhi. Adui ni kuvuja na kukauka, kwa sababu maji yakipungua iodini inaonekana imeongezeka. Weka kwenye kisanduku cha barafu, na ukifika kituoni gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kupima, acha iyeyuke kabisa na uichanganye vizuri kabla ya kuvuta na pipeti.

Hatua ya 5: Rudi kwa baadhi yao

Tafiti nyingi huiruka hatua hii ili kuokoa pesa, nami naiona ndiyo inayotenganisha utafiti wenye jibu kamili na ule wenye namba moja tu. Chukua sampuli ya pili kwa sehemu ya washiriki, tuseme mmoja kati ya kumi lakini wasipungue 50, siku nyingine isiyofuatana na ya kwanza.

Sababu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na 60 leo na 210 keshokutwa bila lolote kubadilika maishani mwake isipokuwa alichokula na maji aliyokunywa. Sampuli ya pili inakuwezesha kujua ni kiasi gani cha mtawanyiko kinatokana na watu kutofautiana, na kiasi gani kinatokana na siku kutofautiana. Bila hiyo huwezi kusema lolote kuhusu asilimia ya watu wenye upungufu.

Hatua ya 6: Dodoso fupi, mizani na chumvi

Uliza umri, mimba, kunyonyesha, dawa, vidonge vya virutubisho, aina ya chumvi, maziwa, samaki, mwani na uvutaji wa sigara, ambao unaizuia tezi ya thiroidi, ile ya shingoni, kuchukua iodini yake. Uliza pia mtu ameishi mkoani kwa muda gani. Uzito usiulizwe, upimwe. Utauhitaji kwenye hesabu.

Chumvi ichukuliwe kutoka kwenye chombo kinachotumika jikoni siku hiyo. Kile kichupa kidogo cha matone kinachogeuza chumvi kuwa ya buluu ni kizuri kwa kuonyesha watu, lakini kinajibu ndiyo au hapana. Ukijaribu kusoma kiwango kwa kulinganisha weusi wa buluu na kadi, utakuwa unakisia. Tena kile kilichotengenezwa kwa ajili ya iodeti, aina moja ya iodini inayotiwa kwenye chumvi, hakitabadilisha rangi ya chumvi iliyotiwa aina nyingine, iodaidi, hata ikiwa imejaa. Ukitaka namba, peleka maabara ipimwe kwa titresheni, njia ya kemikali inayotoa kiasi chenyewe. Kipimo cha kawaida ni miligramu 15 kwa kilo au zaidi kwenye kaya, na lengo la kimataifa ni zaidi ya asilimia 90 ya kaya kufikia hapo.

Hatua ya 7: Maabara

Njia iliyoenea inatokana na kazi ya Sandell na Kolthoff ya mwaka 1937. Mkojo unachemshwa kwanza na kemikali, kwa kawaida amonia pasalfeti, ili kuondoa uchafu unaoingilia. Kisha inatiwa seriamu ya rangi ya manjano pamoja na aseniki. Manjano inafifia mpaka inakuwa kama maji, na iodini ndiyo inayoharakisha: ikiwa nyingi rangi inakimbia, ikiwa kidogo inajivuta. Unapima kasi hiyo. Ni njia ya bei nafuu na ya kuaminika ikishikwa na mikono yenye nidhamu, ila aseniki ni sumu, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Mashine za kupima elementi kwa uzito wa chembe zake ni sahihi zaidi na ghali zaidi.

Usiulize tu maabara ina mashine gani. Uliza kama inashiriki mpango wa nje wa uhakiki, kama ule wa EQUIP ulioanzishwa mwaka 2001 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na uombe kuona matokeo yake. Halafu fanya mtihani wako mwenyewe: changanya mikojo upate ndoo mbili, moja ya kiwango cha chini na nyingine cha juu, igawe kwenye vichupa vyenye namba kama za washiriki, na ichomeke kila baada ya sampuli ishirini hivi. Maabara isijue ni vipi. Siku vichupa hivyo vikitoa majibu yanayoyumba, majibu yote ya siku hiyo yarudiwe.

Majibu yakija kwa mikromoli kwa lita, zidisha kwa 126.9 upate mikrogramu.

Hatua ya 8: Hesabu, na kosa linalorudiwa kila mara

Panga majibu kutoka dogo hadi kubwa na uchukue la katikati. Hiyo ndiyo mediani, na ndiyo inayotumika badala ya wastani, kwa sababu watu wachache wenye 900 au 2,000 huuvuta wastani juu bila mkoa kuwa na iodini zaidi. Toa pia kiwango cha kutokuwa na uhakika. Kwa watu 400 waliochaguliwa moja kwa moja, mipaka ya asilimia 95 inakaa takriban kwenye jibu la 180 na la 221 kwenye foleni. Kwa sampuli ya maeneo mipaka ni mipana zaidi, kwa hiyo tumia programu inayojua jinsi ulivyochagua watu na uzito wa kila mmoja.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wasio wajawazito ni hii, kwa mikrogramu kwa lita. Chini ya 20 ni upungufu mkali. Kutoka 20 hadi 49 ni wa kati, na 50 hadi 99 ni mdogo. Kutoka 100 hadi 199 inatosha; 200 hadi 299 ni zaidi ya mahitaji; 300 na kuendelea imezidi. Wajawazito wanahitaji mediani ya 150 hadi 249. Wanaonyonyesha inatosha ikifika 100, kwa kuwa iodini nyingine inatoka kwenye maziwa. Mbali na mediani, wasizidi asilimia 20 walio chini ya 50.

Sasa kosa lenyewe. Utasoma ripoti inayosema: "Asilimia 45 ya watu wazima walikuwa chini ya 100, hivyo asilimia 45 wana upungufu." Si kweli. Mkoa wenye mediani ya 100 barabara unahesabiwa kuwa unatosha, na bado nusu ya sampuli zake ziko chini ya 100, kwa sababu ndivyo katikati ilivyo. Mpaka wa 100 ni wa kundi. Haukuwekwa ili kila kikopo kipimwe nao.

Ukitaka asilimia ya kweli, geuza mkojo kuwa ulaji: mikrogramu kwa lita, mara uzito wa mtu kwa kilo, mara 0.0235. Mtu wa kilo 64 mwenye 100 kwa lita anakadiriwa kula 150 kwa siku. Mwenye kilo 80 na mkojo ule ule anafika 188. Unaona pia kwa nini mipaka ile ya hapo juu, iliyotokana na watoto wa shule, haimkai sawasawa mtu mzima anayekojoa lita moja na nusu. Kisha tumia zile sampuli za pili kubana mtawanyiko unaotokana na siku kutofautiana, na uhesabu ni wangapi wako chini ya 95 kwa siku, ambacho ni kiwango cha wastani cha mahitaji ya mtu mzima (ile 150 imewekwa juu zaidi ili iwatoshe karibu wote). Kwa upande wa juu, Ulaya inaweka kikomo cha 600 kwa siku na Marekani 1,100. Sema umetumia kipi.

Kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, inasaidia kurekebisha mkojo mzito na mwepesi, lakini hupungua kwa wazee na kwa watu wenye lishe duni, na hapo inaifanya iodini ionekane nyingi kuliko ilivyo. Ukiitumia, toa majibu yote mawili.

Hatua ya 9: Vipimo vya kando

Homoni ya TSH, inayoiamuru tezi ya thiroidi kufanya kazi, kwa watu wazima hukaa kwenye kiwango cha kawaida hata iodini ikipungua, kwa hiyo haikusaidii hapa. Thairoglobulini, protini ya tezi hiyo, inafaa zaidi, inapimika kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, na inaeleza hali ya wiki au miezi, ingawa mipaka yake imejengwa zaidi kwa watoto. Kushika shingo kutafuta rovu kunaeleza historia.

Hatua ya 10: Kusoma mkoa

Weka mkojo na chumvi kwenye ramani moja. Chumvi duni na mkojo wa juu? Tafuta kwenye maji ya visima, maziwa ya ng'ombe, au vyakula vya viwandani. Chumvi nzuri na mkojo wa chini? Huenda watu wanatumia chumvi kidogo, au kipimo chako cha chumvi kilikuwa kile cha matone. Usijikinge na hoja ya ukaribu wa bahari. Kuishi pwani peke yake hakumpi mtu iodini.

Ukikuta upungufu, usipendekeze kuruka juu kwa mara moja. Tasmania, kisiwa cha Australia, ilipoanza kutia iodini kwenye mkate mwaka 1966, wagonjwa wenye tezi ya thiroidi inayofanya kazi kupita kiasi waliongezeka, hasa kwa wazee waliokuwa na vinundu vya zamani. Pandisha taratibu, fuatilia hospitali, na pima tena kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kwa njia ile ile.

Kwa washiriki, fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba hawatapewa jibu la mtu mmoja mmoja. Kumjua mtu mmoja kunahitaji sampuli kama kumi au zaidi, na barua inayosema "wewe una upungufu" kwa kikopo kimoja itamtisha bure. Mwenye uvimbe shingoni anapewa rufaa siku hiyo hiyo, bila kusubiri maabara. Vichupa vya akiba vibaki kwenye friza mpaka ripoti itakapokubaliwa, kwa sababu kuna swali moja huulizwa kila mara kwenye kikao cha mwisho: "Mna uhakika na eneo hili?"